Mkutano Mkuu wa Arlys

Mbele ya duka la ushirika wa nafaka la Tabor Grove kuna benchi refu la mti wa mwaloni ambalo zamani lilikuwa la kanisani. Kanisa lilipopata viti vipya, benchi likahamishiwa barabarani, na wanaume waliokuwa wakisinzia juu yake kila Jumapili wakaanza kubishana juu yake siku sita zilizobaki. Alhamisi hiyo ya mwezi Mei, siku mbili baada ya kura ya mchujo ya kuchagua wagombea wa vyama katika jimbo zima la Nebraska, mashamba yalikuwa yameloa mno, hakuna aliyeweza kupanda mahindi. Dolores wa dukani alikuwa ametoa chupa yake kubwa ya kahawa, na gazeti la kaunti lilikuwa limefika. Emil Havranek, ambaye kijiwe kizima kilimwita Shemasi kwa sababu alikuwa amepitisha sahani ya sadaka kwa miaka thelathini, aliketi mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wake wa kulia. Alikuwa mgane wa miezi mitatu. Hiyo nafasi hakuiacha kwa kukusudia. Mwili ulikuwa umezoea.

– Haya, soma, alisema Denver. Huyu aliwahi kuishi Denver miezi kumi na moja, na tangu arudi hakuna jambo duniani ambalo hakuliona kule.

– Asome Jaji, alisema Baromita, ambaye goti lake la kushoto hutabiri mvua, kwa kawaida baada ya mvua kunyesha.

– Nimesahau miwani, alisema Jaji.

Jaji hakuwahi kuwa jaji. Aliitwa mahakamani mara moja kukaa na wazee wa baraza, akarudishwa nyumbani kabla ya saa sita mchana kwa kuongea sana. Na miwani hakuwahi kuisahau. Lakini hakuna aliyelisemea hilo. Baromita akalichukua gazeti, akalikunjua, akakohoa kama anayefungua ibada.

– Jimbo zima. Warepublikan, laki mbili na elfu kumi na saba. Wademokrati, elfu tisini na moja.

– Hiyo tunaijua. Shuka.

– Kaunti yetu. Warepublikan, elfu moja mia nne na tisa. Wademokrati, themanini na wanane.

– Shuka, bwana! Nyumbani!

– Kata ya Tabor Grove. Warepublikan, themanini na sita. Wademokrati...

Baromita akalisogeza gazeti karibu na pua, kisha akalipeleka mbali, mkono wote.

– Wawili, alisema.

Emil aliiweka bilauri yake chini.

Ili uelewe kwa nini watu wazima wanne walikitumbulia macho kijitarakimu kimoja, yafaa ujue kwamba katika kata ile, chini ya jina la Wademokrati, gazeti lilikuwa limechapa moja tangu zamani. Kila mchujo, moja. Na hakukuwa na siri, kwani huko huwezi kupewa karatasi ya kura ya chama ambamo hukujiandikisha. Norma, aliyesimamia meza ya kura katika chumba cha chini cha kanisa, alikuwa akifungua pakiti ya karatasi za Wademokrati kwa mkasi, akatoa moja, akaifunga tena. Hiyo moja ilikuwa ya Arlys, mke wa Emil.

Walikwenda pamoja katika pikapu moja, yeye na Emil, kwa miaka arobaini na minne. Emil aliomba karatasi ya Warepublikan, Arlys akaomba ya kwake, wakaketi meza mbili tofauti, wakarudi nyumbani kula supu. Gazeti likifika, Arlys alikuwa akikata lile jedwali dogo, anaizungushia moja yake duara kwa kalamu nyekundu, analibandika kwenye friji kwa sumaku. Na siku akipita dukani, Jaji alikuwa hakosi kusimama na kuvua kofia.

– Mabwana, mkutano mkuu wa chama umewasili! Nani anaendesha kikao?

– Akidi imetimia, Arlys alikuwa akijibu. Ajenda ya kwanza, nimiminieni kahawa.

Mwezi wa Februari akafariki. Emil alikubali. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Alilisema hilo kaburini kwa sauti yake mwenyewe, na alilimaanisha. Lakini siku moja ya Aprili, akiwa jikoni anatafuta maziwa, aliyaona yale majedwali kwenye friji, akafikiria gazeti la Mei. Angeweza kustahimili kitanda, na kiti, na viatu vya bustani pale mlangoni. Ile sifuri hakuiweza. Alivaa koti la Jumapili, akaendesha gari maili thelathini na moja hadi ofisi ya kaunti, akabadilisha chama. Hakumwambia mtu. Siku ya kura Norma alimtazama, akachukua mkasi, akaikata ile pakiti bila kusema neno.

Kwa hiyo Emil alikuwa amelingoja gazeti aione moja. Hiyo moja aliijua. Ya pili hakuijua.

– Wanaanzaga hivihivi, alisema Denver. Kule Denver ilikuwa mmoja, wakawa wawili, na asubuhi moja unaamka unakuta mtu anakuuzia maziwa ya lozi. Nikamuuliza, lozi unaikamua wapi?

– Haba na haba hujaza kibaba, alisema Baromita kwa huzuni, kana kwamba anatangaza kipindupindu.

– Ni wale waliokuja kupima udongo, alisema Denver. Wale wenye buti safi.

– Waliopima udongo ni watu wa jimbo la Kansas, wewe, Baromita akamkata. Hawawezi kupiga kura hapa. Mimi nasema ni mitambo ya upepo. Mtu akilala karibu na yale mapanga yanayozunguka, ubongo nao unazunguka. Anaingia kitandani Mrepublikan, anaamka Mdemokrati.

– Na yule anayepandikiza ng'ombe mbegu? akaongeza Baromita. Anaingia mazizi yote. Nani anajua anapandikiza nini?

– Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Denver akaunga mkono. Na hawa ni wawili. Umeona hesabu hiyo?

– Hesabu ipi?

– Basi kama hukuiona mimi nikusaidieje?

Jaji alikuwa kimya, jambo ambalo kijiwe kilipaswa kuligundua. Mwishowe aliona wanamtazama, akajikohoza.

– Ni mashine. Mashine ya kuhesabia imezoea kumwona Arlys. Safari hii haikumwona. Ikachanganyikiwa, ikaandika mara mbili.

– Mashine inamkumbuka mtu?

– Wewe trekta lako halikujui? Mbona mkeo akiliwasha linagoma?

Wakacheka. Baromita, aliyekuwa amekunywa kahawa nyingi, akataka kuwapita wote.

– Mimi nawaambia ni Arlys mwenyewe. Amekuja, na amemleta mwenzake wa huko!

Kicheko kilifika katikati kikakatika. Lori la mbolea likapita, na kila mmoja akashukuru kuwa na kitu cha kutazama.

– Nisamehe, Shemasi, alisema Baromita. Huu mdomo wangu.

– Hakuna neno, alisema Emil.

Denver, kwa moyo mwema kabisa, akataka kumfariji.

– Ndiyo dunia, kaka. Asiyekuwepo na lake halipo.

Emil aliinamisha kichwa. Alimwomba Mungu ampe kifua cha kutomjibu Denver, na akapewa. Lakini methali ile ilimchoma kwa sababu ndiyo aliyokwenda kupigana nayo kule ofisi ya kaunti. Hakuwa amebadilika imani. Kwenye kura alitia alama jina la kwanza la kila orodha, kama mtu anayejibu mtihani wa mwenzake. Usiku wa siku ya kura alitubu. Alimwambia Mungu kwamba alikuwa ameshika karatasi takatifu ya kura kwa sababu ya upweke tu, na kwamba hakujua kama hiyo ni dhambi au la, basi amsamehe kwa namna yoyote ile.

– Sikilizeni, alisema Denver, akavuta penseli sikioni. Katani tuko watu themanini na wanane waliopiga kura. Si wengi. Tuwakate majina mmoja mmoja. Tuanze na hapa hapa, ili mtu asiseme tunaonea. Mimi Mrepublikan. Baromita?

– Tangu tumboni.

– Jaji?

– Endelea, endelea.

– Shemasi?

Emil alifungua kinywa. Kwa miaka thelathini kijiwe kile kilikuwa kimesikia uongo wa kila aina, wa samaki, wa mavuno, wa vita, lakini si kutoka mwisho ule wa benchi. Angesema nini? Akisema kweli, ingekuwa hadithi ya mji kabla ya chakula cha mchana: Shemasi kachanganyikiwa kwa msiba. Wangemhurumia. Wangekuja na vyungu vya tambi za kuoka. Na moja ya Arlys ingegeuka kuwa ugonjwa wake yeye.

– Acha upuuzi, Denver! Jaji aliruka. Mtu mwenye akili zake aichukue karatasi ile ya nini? Ukitoka kwa gavana unateremka chini, hakuna mgombea. Chini yake, hakuna mgombea. Unafika kwa kamishna wa barabara unakuta mstari mtupu wa kuandika jina la umtakaye unakukodolea macho, nawe umesimama na kalamu kama mjinga, hujui hata...

Akanywa kahawa ambayo haikuwemo kwenye bilauri.

– Si ndiyo ninavyosema, alisema Denver. Chama hakina hata wagombea. Haya, familia ya Stroh.

Lakini Emil alikuwa amegeuka. Gazetini hakukuwa na mistari mitupu. Gazeti lilichapa majina na hesabu tu. Mstari ule ulikuwa kwenye karatasi yenyewe, na karatasi yenyewe Norma alikuwa ameitoa kwa mkasi mara mbili. Jaji alikuwa akitazama buti zake. Masikio yake yalikuwa mekundu hadi ndani.

Hapo ndipo Mchungaji Britta alipotoka dukani na mfuko wa misumari. Alikuwa mgeni, wiki ya tano tu tangu apewe kanisa lao. Arlys alizikwa na mchungaji wa kuazimwa kutoka mji wa jirani. Walimsogezea bilauri.

– Mnahesabu nini, mabwana?

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Wakamweleza moja ya kila mwaka wa mchujo, na mkasi wa Norma, na mkutano mkuu, na akidi. Jaji, kwa kuombwa, alisimama akavua kofia kuonyesha ilivyokuwa, lakini maneno alisahau nusu. Mchungaji alicheka vizuri, kicheko cha mtu aliyetamani kumjua mtu fulani. Kisha akauliza, kama anavyouliza mtoto:

– Na kwa nini?

– Kwa nini nini?

– Miaka arobaini na zaidi, peke yake, anajua fika kwamba atakuwa peke yake. Ilikuwa kwa sababu gani?

Denver alifungua kinywa.

– Kule Denver... alisema, kisha akakifunga.

Baromita alilipapasa goti. Jaji alivaa kofia, akaivua. Halafu, mmoja baada ya mwingine, kwa aibu, wakamgeukia mtu aliyestahili kujua.

Emil aliifikiria ile pikapu. Safari ngapi? Dakika kumi na mbili kwenda, dakika kumi na mbili kurudi, vioo vimefunguliwa nusu, harufu ya shamba likipaliliwa. Alijua Arlys alipenda supu yake iwe na bizari. Alijua mguu upi ulimuuma baridi ikianza, na wimbo upi wa kanisani ulimtoa machozi. Na siku hizo za kura walitaniana, wakacheka, na yeye Emil akashika usukani akamshukuru Mungu kwamba hawakugombana. Alidhani ile ndiyo amani. Arlys naye alikuwa akimtazama, kwenye alama ile ya mwisho ya kusimama kabla ya kanisa, kama mtu anayesubiri kitu kidogo, halafu wakifika anafungua mlango anashuka.

– Sikumuuliza, alisema Emil.

Aliitazama nafasi ile upande wake wa kulia.

– Miaka arobaini na minne, Mchungaji. Sikumuuliza.

Mchungaji Britta hakumpa mstari wa Biblia, na Emil alimheshimu kwa hilo. Aliiweka misumari chini akasimama tu.

Baromita aliinua chupa ya kahawa, akaitikisa, ikatoa mlio mtupu. Denver alirudisha penseli sikioni. Jaji akalichukua gazeti, akatoa miwani kutoka mfuko wa shati, akaivaa bila kumwangalia mtu, na kwa kisu chake cha mfukoni akalikata lile jedwali la kata polepole, pembe nne zimenyooka. Akalipitisha kwa Emil.

– La friji, alisema.

Kisha akainuka, akazunguka mbele ya wenzake, akaketi katika nafasi ile ya upande wa kulia. Emil hakumwambia kwamba pale pana mtu.