Mzee Zakaria Obwocha, Aliyekubali Kuinuliwa na Bintiye

Marehemu Mzee Zakaria Obwocha alizaliwa Nyacheki mwaka wa 1927. Tarehe hakuna aliyeiandika, ila mamake alisema wimbi lilikuwa linavunwa, na kwamba mtoto alikuja akilia kwa hasira kama mtu aliyekatizwa usingizi. Hasira hiyo aliitunza vizuri.

Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la tatu, kisha babake akamrudisha nyumbani kuchunga ng'ombe. Jambo hilo lilimkereketa maisha yake yote, ndiyo maana wanawe wote, wavulana kwa wasichana, aliwapeleka shule bila kumsikiliza aliyemcheka.

Tangu mwaka wa 1964 alikuwa mkulima wa majani chai, na kwa miaka mingi alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista hapa kijijini. Desemba 1951 alimwoa Abigael Nyanchama, mwanamke pekee aliyeweza kumkatiza akizungumza. Mungu aliwajalia watoto wanne: Osoro, Machogu, Marion na kitinda mimba wao, Valentine.

Huwezi kusimulia maisha ya Mzee ukamruka Valentine. Alikuwa mtoto mwoga. Kuku akichinjwa, yeye yuko mgombani, amejiziba masikio. Januari 1991 alijiunga na shule ya bweni ya wasichana huko Nyamira, na likizo ya kwanza akarudi na habari kwamba ameingia chama cha huduma ya kwanza.

"Wewe? Na damu unaiogopa?" Mzee akauliza.

"Tata, watu wa huduma ya kwanza wanapanda lori ya shule kila mechi."

"Mimi nilikupeleka usome vitabu, si upande lori!"

Lori alilipanda. Katika mechi ya kwanza mchezaji alitoka damu puani, Valentine akazirai, akabebwa yeye. Lakini mlezi wa chama, Mwalimu Ombui, hakumfukuza. Alimpeleka na wenzake kila Jumapili katika kituo cha afya kufua bendeji, na katika nyumba za wajane kusafisha vidonda na kupalilia mashamba. Haba na haba hujaza kibaba. Alipofika kidato cha tatu, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama, akisimama mbele ya akina mama sokoni kuwafundisha kuchanganya maji, chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Mzee aliposifiwa kwa ajili yake alijifanya hasikii, kisha akarudia habari hizo kanisani.

Desemba 1993, Mzee alikuwa akikatia ng'ombe majani nyuma ya nyumba. Panga likateleza, likamkata juu ya goti. Juu kiasi gani, heshima haituruhusu kusema. Wavulana hawakuwepo, na Mama Abigael alikuwa ameenda sokoni. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile haya ya heshima kati ya mzazi na mwanawe: binti hamwoni babake mwili, sembuse kumgusa. Mzee akajifunika koti.

"Toka hapa! Nenda umwite Osoro!"

"Osoro yuko Nyamarambe, Tata. Hii damu haiwezi ngoja Osoro."

"Nimesema toka!"

"Utanikasirikia baadaye, ukiwa hai."

Akalifunua koti, akakandamiza jeraha kwa leso yake bila kuachia, akapiga nduru hadi majirani wakaja na ngazi, wakambeba juu ya ngazi hiyo hadi hospitalini. Daktari wa Kisii alisema waziwazi kwamba bila mkono ule tungemzika Mzee wakati wa Krismasi.

Mzee alipona, lakini tangu siku hiyo hakumtazama Valentine usoni. Salamu zake alimpa kupitia mamake. Ng'ombe alisalimiwa kabla yake. Valentine alimaliza shule mwaka wa 1994, akapata kazi katika duka la dawa la Bwana Natwarlal mjini Kisii, na kila alipokuja nyumbani alirudi mjini akilia. Aliamini ameokoa baba na kumpoteza papo hapo.

"Mzee," Mama Abigael alimwambia siku moja, "umemfanya mtoto yatima, na wewe uko hapa unakula ugali."

Tarehe 9 Machi 1998 Mzee alipata kiharusi, upande wa kushoto ukafa. Wavulana ndio waliomwinua na kumgeuza, naye akiguna kwa maumivu. Valentine alikuja kila Jumapili, lakini kwa kuiheshimu haya ya babake hakuingia. Alisimama nje ya mlango akitoa maagizo: "Osoro, weka mkono chini ya bega! Si shingo! Machogu, goti kwanza!"

Jumapili moja ya Agosti Mzee aliinua mkono wake mzima.

"Nyinyi mnanibeba kama gunia la majani chai. Sauti ya huyu imeingia humu kila wiki, mikono yake imebaki nje. Valentine, ingia."

Akaingia.

"Mwanangu, siku ile sikukasirika. Niliona haya tu, na haya ikazeeka ndani yangu. Niinue."

Alimwinua, na Mzee hakuguna. Nyumba nzima ilishusha pumzi. Mama Abigael alitoka nje kucheka na kulia kwa pamoja. Kuanzia hapo baba na binti walizungumza hadi wakatuchosha.

Mzee aliaga dunia Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1998, alfajiri, akiwa ameegemea mkono wa Valentine. Tuna huzuni, lakini hatutaficha: tumefarijika, kwa kuwa hakuondoka na neno lililobaki kooni.

Ameacha mjane, Abigael Nyanchama. Watoto wake Osoro, Machogu, Marion na Valentine. Pamoja na wajukuu kumi na mmoja. Watakaomshusha kaburini leo ni wanawe wa kiume, na Valentine ameshawaonyesha pa kushika.

Nenda ukapumzike, Mzee wetu. Umeshikwa vizuri.