Stuli ya Mzee Trei

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya kusimama kwa miaka thelathini na mmoja, mwenzetu tunayemwita Mzee Trei anastaafu. Kusimama kwenyewe si lugha ya mapambo. Kanuni ya kwanza ya mgahawa wetu ni kwamba mhudumu haketi. Mzee aliishika tangu siku ya kwanza, huku kila mwaka akiomba, kwa barua yenye adabu zote, stuli moja tu karibu na mlango wa jiko, wahudumu wapokezane kupumzisha miguu.

Mameneja sita walipokea barua hizo. Wote walijibu kwamba suala linashughulikiwa.

Likiwa linashughulikiwa, Mzee alijitafutia njia. Meza namba tisa ilikuwa inayumba, basi kila saa alipiga magoti kuuwekea mguu wa meza karatasi iliyokunjwa. Alikaa huko chini dakika mbili nzima, akatoka uso umechangamka. Uongozi ulivutiwa na bidii hiyo, ukampa cheti cha mfanyakazi bora. Kisha ukaita fundi seremala, meza ikatulia, na Mzee akanuna wiki nzima. Asubuhi moja tuliikuta inayumba tena. Mimi sikuona kitu.

Tusimfanye malaika. Wateja waliochelewa kuchagua chakula aliwachagulia mwenyewe, na waliolalamika aliwaambia wale kwanza. Walikula, wakarudi na mashemeji zao. Alibeba sahani tano kwa mkono mmoja bila kumwaga tone la mchuzi, isipokuwa kwenye harusi moja, na bwana harusi alikiri kwamba suti iliyomwagikiwa alichaguliwa na mama mkwe.

Mwaka huu dada yetu mmoja anahudumu na mimba ya miezi saba, miguu imemvimba. Mzee akaandika barua ya thelathini na moja, safari hii bila salamu. Wiki iliyopita uongozi ukatangaza kwa furaha kwamba ombi limekubaliwa. Stuli imenunuliwa, ya mbao ngumu, ina mto mwekundu. Ni zawadi yake ya kustaafu, aende nayo nyumbani.

Ijumaa aliipokea kwa mikono miwili, tukapiga makofi, meneja akapiga picha. Halafu Mzee akaibeba hadi mlangoni mwa jiko, akaiweka chini, akamwambia dada yetu akae. Alikaa, akalia.

Asante sana, Mzee wetu. Tunakuombea afya na siku nyingi za raha. Stuli yako ipo palepale, na zamu yangu ya kukaa ni saa nane.