Hendrikje Terpstra na Tabasamu la Muuza Samaki

Marehemu dada yangu Hendrikje Terpstra alizaliwa Dokkum tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa mwoka mikate Sjoerd na mkewe Baukje. Alisoma hapohapo, kisha akaenda Amsterdam kujifunza kukarabati michoro ya kale. Baba alimuuliza, "Sasa mwanangu, utakula rangi?" Naye akala rangi miaka arobaini.

Mwaka 1979 aliolewa na Klaas, seremala wa fremu, aliyemtangulia mwaka 2011. Hawakujaliwa mtoto. Pengo hilo lilizibwa na mwanafunzi wake Annelies Kuiper, aliyefika kwake hajui hata kushika brashi. Kila Krismasi alikula kwetu.

Mwaka 2016 makumbusho, ambayo jina lake silitaji leo, yaliwaweka wawili hao katika chumba cha kioo wausafishe mchoro maarufu wa kale wa Muuza Samaki, watu wakitazama. Siku moja mtoto alisema kwa sauti, "Mama, bibi yule anamfuta kwa mate!" Marehemu akatoka na kijiti chake cha pamba. "Mate ndiyo sabuni yetu, mjukuu wangu. Kwani mama hajawahi kukufuta uso hivi?"

Basi wakagundua kwamba lile tabasamu la Muuza Samaki, linalochapwa hadi kwenye mikebe ya biskuti, lilipakwa na mtu mwingine baadaye. Wakakubaliana wote wawili kuliondoa. Chini yake palikuwa na mdomo wa mwanamke aliyechoka. Mji ukachachamaa. Marehemu alinyamaza, akijua mwenzake atamtetea. Annelies akaliambia gazeti: "Nilimwonya. Mzee yule hasikii."

Dada akaachishwa kazi. Annelies akakalia kiti chake, akalipaka tabasamu upya. Dada alikata tiketi kama watu wengine, akasimama nje ya kioo. Annelies alimwona, akageuza kiti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Januari, akafariki tarehe 2 Mei 2019, nyumbani. Kabla hajafariki nilimuuliza kama amemsamehe Annelies. Akasema, "Katumia rangi ya kufutika, kama nilivyomfunza. Atakayekuja ataifuta."

Ametuacha mimi Wiebe, mdogo wake, mke wangu Tjitske, na wanangu watatu waliomwita shangazi. Annelies akija, kahawa atapewa, kama mgeni mwingine yeyote.

Pumzika kwa amani, dada. Huko hakuna kioo.