Mwalimu Utando na Milango ya Seli

Ndugu, jamaa na marafiki, asanteni kwa kuja. Familia imeniomba nisome maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu, hata mlioota mvi, bado mnamwita Mwalimu Utando.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, baba akaoa tena, nikazaliwa mimi. Watu walipomwita dada wa kambo, aliwauliza, "Kambo ndiyo nini? Huyu nimembeba mgongoni mpaka nguo ikachakaa."

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, ambako darubini ilimteka. Alikodolea macho ngozi ya kitunguu mpaka akaambiwa aache na wenzake waone. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1984.

Alifundisha biolojia hadi alipostaafu mwaka 2021. Somo alilolipenda kuliko yote ni utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayozunguka kila chembe hai. Aliwapanga wanafunzi uwanjani safu mbili, mgongo kwa mgongo, nyuso nje. Hizo ndizo molekuli za mafuta: vichwa vinapenda maji, mikia inayakimbia. Wengine walikuwa protini, yaani milango: huyu anapitisha sukari, yule chumvi, na asiye na mlango wake anabaki nje. Siku moja mvua ikawakuta hapo.

"Mwalimu, hatukimbii?" akauliza mmoja.

"Wewe ni kichwa. Kichwa kinapenda maji. Simama."

Walisimama wote, naye akalowa pamoja nao. Swali la utando halikumshinda mtu kwenye mtihani.

Kwa majaribio yake alihitaji mayai na siki. Yai likikaa kwenye siki, ganda huyeyuka, ukabaki utando. Ukilitia majini, linavimba. Mayai aliyaomba kwa mpishi wa shule, aliyevumilia muhula mzima kabla ya kuuliza, "Mwalimu, mbona hayarudi hata maganda?" Akaalikwa maabara ajionee. Mpishi huyo, ambaye leo ni shemeji yangu, anakiri hakuelewa kitu siku ile, ila alirudi kesho yake kuuliza tena. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Mwaka 2011 figo zake zilishindwa kazi, akawa anasafishwa damu kwa mashine. Kwa jinsi alivyokuwa, alitaka aonyeshwe utando unaochuja damu ndani ya mashine, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Lakini alikuwa ananyauka machoni petu. Nilipojitolea kumpa figo yangu moja alikataa, akisema nina watoto wadogo. Vipimo vilipokubali, akakosa pa kukimbilia. Daktari alituonya kwamba mwili wake ungeweza kuikataa. Nikamuuliza dada kwa nini.

"Kila seli imevaa alama zake juu ya utando. Mwili ukikuta alama ngeni, unapigana nazo."

"Kwa hiyo mwili wako utaniuliza mimi ni nani?"

"Utakuuliza. Wewe sema umetumwa na dada yako."

Upasuaji ulifanyika tarehe 19 Juni 2012. Niliogopa sana, sioni aibu kusema. Muuguzi alipokuja kutuambia figo imeanza kazi, ukoo mzima ulishangilia mkojo. Tulijaliwa naye miaka kumi na miwili zaidi, akawalea wajukuu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na tunamshukuru Mungu.

Mwezi uliopita alishikwa na nimonia. Alifariki Jumanne, tarehe 13 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Daktari alisema mapafu ndiyo yaliyochoka. Figo ilifanya kazi mpaka mwisho.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Jana mtu aliniuliza kama sijutii figo inayozikwa leo. Sijutii. Mwili wake ulinikagua, ukaniona mgeni kidogo, ukanikaribisha hata hivyo. Dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo zilisaidia, najua, angekuwapo angenisahihisha.

Pumzika kwa amani, dada. Ulichokipokea kwangu, nenda nacho.