Tone Lililosimama Katikati ya Chupa

Wapendwa mliokuja hapa nyumbani Sekei leo Jumamosi, tarehe 21 Machi 1998, mimi ni Anjela, mtoto wa mwisho wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia ya baba yetu, Manase Sifael Ndesanjo, na ninaomba mnivumilie, kwa kuwa karatasi iliyoandaliwa juzi siyo hii ninayoisoma.

Marehemu alizaliwa Machame, Kilimanjaro, tarehe 4 Juni 1942 kwa mujibu wa fomu zake za kazi, ingawa cheti cha ubatizo kinasema 1944, nimewauliza wazee watatu nikapata majibu mawili, hivyo nimeiacha miaka yote miwili. Alianza shule hukohuko mwaka 1951, akamaliza darasa la kumi mwaka 1960, akafanya vibarua ambavyo sikuweza kuvithibitisha, kisha tarehe 3 Februari 1969 akaajiriwa kuwa fundi wa maabara katika shamba la kahawa la umma, chini ya Mlima Meru. Kazi yake ilikuwa kupima kiu ya mti, maana jani la mkahawa huanza kuvuta maji kwa shida siku nyingi kabla halijanyauka, na aliyepima mapema ndiye anayejua siku ya kumwagilia.

Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na mama yetu, Evaresta, wakajaliwa watoto watatu, Rodrick, Anneth na mimi.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya juzi ilisema kwamba marehemu alifanya kazi shambani hapo hadi alipostaafu Januari mwaka huu. Jana mchana tulipokuwa tukiihakiki, Mzee Lerionka wa Ngaramtoni, ambaye hatukuwa tukimfahamu, aliinua mkono akauliza, "Alistaafu lini, wakati ofisi yake ni shambani kwangu?" Tulifungua mkoba wa baba, tukakuta barua ya tarehe 30 Juni 1993 ya kumpunguza kazini, shamba lilipokabidhiwa kwa mwekezaji.

Kwa hiyo kwa karibu miaka mitano, Jumatatu hadi Ijumaa, baba aliondoka hapa saa moja asubuhi na koti lake jeupe, na sisi tukimuaga aende kazini, kumbe anakwenda kwa Mzee Lerionka, aliyekuwa ameshika shoka aing'oe mikahawa yake kama majirani zake, baba akamwomba ampe msimu mmoja. Maharage na maziwa aliyotuletea, akisema wafanyakazi wamegawiwa, yalitoka huko, na mama alikuwa ameshaanza biashara ya mitumba, nyumba ikaendelea, hakuna aliyeuliza.

Chombo cha chuma cha kubana jani kwa gesi, alichokuwa akipimia kazini, kilibaki kwa mwekezaji, hivyo baba alirudia njia aliyofundishwa mwaka 1969. Alikoroga maji ya sukari ya viwango mbalimbali katika chupa za jamu, akaloweka vipande vya jani, kisha akalitia rangi tone la maji yale na kuliachia katikati ya chupa nyingine ya kiwango kilekile ambayo haikutiwa jani, tone likipanda jani limetoa maji, likizama jani limevuta, likisimama hicho ndicho kipimo cha kiu yake. Ndiyo maana sukari ilikuwa ikiisha hapa ndani, hata mama akamuuliza kama kuna nyumba nyingine inayokunywa chai yetu.

Mimi niliziona chupa hizo likizo ya mwaka 1996, nikiwa mwaka wa pili wa botania Dar es Salaam, nikamwambia njia hiyo imepitwa na wakati. Alinijibu, "Basi ipime wewe, mwanangu." Niliachia tone juu juu, likatawanyika, yeye akarudia polepole, likasimama, na sikumuuliza anapima jani la nani.

Kaka Rodrick alitaka tusiyaseme haya mbele ya watu. Mama ndiye aliyeamua, "Soma yote, Anjela, hata sukari."

Lipo nisilolielewa. Tangu Novemba mvua za elinino zimejaza mifereji, hakuna mti wenye kiu Arusha nzima, Januari Mzee Lerionka alimwambia apumzike nyumbani, naye akatuambia amestaafu, lakini daftari lake la vipimo lina maandishi ya kila siku ya kazi, yaleyale, "Tone limesimama kwenye maji matupu," yaani chupa isiyo na sukari, jani halina kiu hata kidogo. La mwisho ni la Jumatatu, tarehe 9 Machi. Kesho yake alipata kiharusi, akalazwa, akafariki Jumanne tarehe 17 Machi, saa kumi jioni. Alikuwa akipima nini, sijui, wala sijui kama ni yeye aliyetuficha au ni sisi tulioshindwa kuuliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Sekei, wafanyakazi wenzake wa zamani, na Mzee Lerionka, ambaye sikujua nimweke kwa majirani au kwa wafanyakazi wenzake, nimemweka kote kuwili. Mikahawa yake ipo, ameniambia nikaione.

Pumzika kwa amani, baba, leo ni Jumamosi, na Jumamosi hukuwa ukienda kazini.