Placide Lukumani na Nyoka Aliyepewa Jina la Marguerite

Placide Lukumani, mume wa Consolée, ambaye leo tunamrudisha kwa Muumba wake hapa Kasongo, alizaliwa Nyangwe tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mvuvi Christophe na mama Naomie.

Alisoma shule za misheni Kasongo, akapata diploma ya taifa mwaka 1981, kisha akasomea biolojia Kisangani. Tangu 1986 alifundisha sekondari Kabambare, kisha hapa Kasongo. Wanafunzi walimwita Mwalimu Nyoka, maana chupa za nyoka waliohifadhiwa kwa alkoli zilijaa darasani kuliko vitabu.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa kanisani na Consolée, na Mungu akawapa watoto wanne, wa kwanza Olga. Consolée alimpenda mume wake kwa wivu na hakuficha. Hata nyoka aliwaonea wivu.

Mwaka 2014 Consolée alikuta shambani nyoka mdogo mweusi, mwenye sumu, aishiye chini ya udongo. Akampiga jembe la kichwa, akampelekea mumewe kwa furaha. Placide alishuku kwamba nyoka huyo hajapewa jina na wataalamu bado. Lakini aina hutambuliwa kwa magamba ya kichwa, na kichwa kilikuwa kimepondeka.

Mwaka uliofuata jirani yao mjane, Mama Marguerite, akipalilia mihogo, alimwona nyoka wa namna ile ile. Yeye alimfunika kwa beseni, akalikalia mpaka mwalimu alipofika. Nyoka huyo hata ukimshika shingoni hutoa jino pembeni mwa mdomo, na kidole cha Placide kilivimba vibaya. Consolée alimlisha mumewe kwa mkono wake.

Watafiti wa chuo kikuu walimlinganisha nyoka huyo na wengine, wakathibitisha kuwa ni aina mpya, wakamwachia Placide achague jina. Kwa desturi yao mtu haipi aina mpya jina lake mwenyewe. Mwaka 2018 akachagua Marguerite.

Kwetu, mtoto akipewa jina lako, unakwenda kumwona na zawadi. Mama Marguerite akaja na kuku.

"Mutoto yako iko kwenye chupa," Consolée akamwambia mlangoni. "Kuku umupelekee kule!"

"Mama Olga, miye nilifunika nyoka, sikufunika bwana yako."

Mlango ukafungwa. Consolée akamgeukia mumewe: "Nimekuzalia watoto wanne, na jina unapatia jirani?"

"Wewe ulimuua, mama."

"Nilikuwa nakulinda!"

Jina likishachapishwa halifutwi. Tangu hapo Consolée hakumsalimu Marguerite, hata kanisani.

Mwaka 2023 ugonjwa wa sukari ulimlaza Placide. Marguerite alileta sombe, mboga ya majani ya mihogo, Consolée akaipokea mlangoni. Januari mwaka huu mgonjwa aliomba, "Mama, mwache aingie. Yeye alinisaidia kazi. Roho yangu imekaa kwako siku zote." Marguerite akaingia, na Consolée akaweka kiti chake katikati yao. Wakasali watatu.

Placide alifariki Kasongo tarehe 9 Februari 2025, baada ya kupokea sakramenti, mkono wake mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane wake Consolée, watoto Olga, Dady, Marie-Louise na Ismaël, na wajukuu. Mama Marguerite naye anatajwa hapa kwa idhini ya mjane, kwa sharti kwamba jina la mke lisomwe mara mbili, mwanzo na mwisho.

Bwana ampumzishe Placide, mume wa Consolée.