Sufuria ya Bi Mauza: Wasifu wa Marehemu Euphrasia Kasmir

Mliotoka Bagamoyo, mliotoka Kariakoo, na mliofunga biashara zenu siku ya Jumamosi ili mfike hapa, ahsanteni. Marehemu hakupenda sifa za kuazima. Yatasomwa yaliyokuwapo.

Euphrasia binti Polycarp alizaliwa Bagamoyo tarehe 14 Machi 1893, katika kijiji cha Wakristo cha misheni, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Polycarp, seremala. Alibatizwa wiki ile ile, na inasemekana alilia tangu mlango wa kanisa hadi nyumbani. Waliomfahamu hawashangai.

Alisoma shule ya masista hapo hapo Bagamoyo, tangu 1901 hadi 1907. Kusoma, kuandika na hesabu alivipenda. Kushona alikataa katakata. Akipewa sindano anaponyokea jikoni. Sista akamuuliza, "Utamvalisha nini mume wako?" Akajibu, "Mume akishiba atajitafutia nguo." Akaadhibiwa kusugua masufuria yote ya shule, naye akaona amepewa zawadi.

Tarehe 6 Januari 1912 alifunga ndoa na Kasmir, fundi mwashi. Ilikuwa ndoa ya makelele na ya kudumu. Walijaliwa watoto wawili, Celina na Leonsi.

Mwaka 1920 walihamia Dar es Salaam, naye akapata kazi ya yaya kule Uzunguni, nyumbani kwa mkandarasi mmoja Mtaliano, Bwana Bertoldi. Mpishi alikuwa mwanamume, kama ilivyo desturi ya nyumba zile. Lakini Jumapili mke wa Bertoldi aliingia jikoni mwenyewe kupika supu ya kwao: nyama ya muundi na mifupa yake, nyanya, karoti, vitunguu, maharage, na mwisho kabisa tambi. Marehemu alisimama pembeni na mtoto wa watu mgongoni, akatazama. Familia ile iliporudi kwao mwaka 1926, watumishi wenzake waliomba mapazia na masanduku. Yeye alipewa sufuria moja, akaondoka na supu.

Mwaka uliofuata Kasmir alianguka kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika paja. Alilala kitandani miezi, uji hautaki, wali anausukuma. Marehemu akashika kikapu akaenda sokoni kwa Abdulla, muuza nyama.

"Nipe nyama ya muundi, na ile mifupa uniongezee."

"Mama Celina, mifupa ina mwenyewe."

"Mwenyewe ni mbwa wa mtaa wa pili, nimemwona. Mimi nitakuletea wateja. Mbwa atakuletea nini?"

Mifupa akapata. Mafuta ya Kitaliano hakuwa nayo, akatia ya ufuta. Jibini hakuisikitikia, alisema inanuka kama soksi za askari na haina kazi. Kasmir alikula bakuli mbili, akaomba ya tatu.

Wakati huo walikuwa wamepanga chumba Mtaa wa Sikukuu, nyumbani kwa Bwana Humoud bin Hashil, mwenye duka, na uani palipikwa na wapangaji wote. Harufu ile haikujulikana pale. Mmoja akasema supu ya Wataliano haikosi nguruwe. Kesho yake majirani walikuwa wamehamisha mafiga yao hadi ukuta wa pili. Kisha Bwana Humoud akaja mwenyewe.

"Mama Celina, nimekupangisha kwa heshima. Chakula hicho sikitaki uani kwangu. Ukikipika tena, funga mizigo."

Kasmir akaita kutoka kitandani, "Pika wali, mke wangu! Nikitolewa humu nitatambaa kwenda wapi?"

Alikuwa na haki ya kuogopa. Marehemu naye aliogopa, alikuja kulisema baadaye. Lakini siku ile alimwambia mumewe, "Nikikubali kwa supu, kesho watanipangia na sala."

Jumamosi asubuhi alitoa mafiga uani akayaweka mbele ya baraza, barabarani, watu wakipita na mikokoteni. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe mtaa mzima ukiona. Alimtaka Abdulla alete nyama kwa mkono wake, na Abdulla akaitoa kapuni akapaza sauti, "Nimechinja mwenyewe, nimeikata mwenyewe!" Halafu marehemu akambishia hodi Bi Mauza, dada yake Bwana Humoud, aliyekaa chumba cha mbele.

"Shikamoo, Bi Mauza. Njoo ukae hapa uone, tangu maji mpaka chumvi."

Bi Mauza akatoka, akatazama. "Marahaba. Nyama nimeiamini. Sufuria yako ndiyo siijui. Ilipika nini huko kwa Wazungu?"

Sufuria ile kweli marehemu alipewa na mke wa Bertoldi, na hilo la nguruwe asingeweza kuliapia. Akasema hivyo hivyo, mbele za watu.

Bi Mauza akaingia ndani. Watu wakadhani yamekwisha. Akarudi na sufuria yake ya shaba, ile anayopikia pilau ya Idi, akaiweka mafigani kwa kishindo. "Umesema kweli. Basi pika humu."

Akaketi. Hakunyanyuka mpaka tambi zilizotoka dukani kwa Jayant zilipovunjwa na kumiminwa ndani. Ndipo aliposhika kichwa.

"Yarabi, umeharibu! Tambi ni za sukari na nazi!"

"Leo ni za nyama."

"Dhambi hiyo utaijibu peke yako."

"Onja kwanza, tutajibu pamoja."

Bwana Humoud alirudi kutoka dukani akakuta watu wamejaa barazani na sufuria ya dada yake iko motoni. Akisema ni haramu, ameiharamisha na pilau aliyoila Idi zote. Akavua viatu akaketi.

"Ina pilipili?"

"Kidogo."

"Ongeza."

Radhi nyingine hakuwahi kuomba, na marehemu hakuidai. Mizigo haikufungwa. Kila Jumamosi tangu hapo supu ilipikwa barazani, wakaila wapagazi, wapangaji na wapita njia. Jayant hali nyama, lakini kila Ijumaa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kama tambi zimetosha.

Maradhi ya figo yalimwanza Agosti 1937. Daktari alimkataza chumvi na moto. Chumvi aliacha. Ndugu walipokuja kumchukua akapumzike Bagamoyo, aliwauliza, "Nani atakaa na mafiga?" wakarudi bila yeye. Alifariki nyumbani, Mtaa wa Sikukuu, alfajiri ya jana, Ijumaa tarehe 10 Februari 1939. Neno lake la mwisho la maana alimwambia Celina: "Msinipikie wali wa msiba. Kesho ni Jumamosi." Waliosema tambi msibani ni dhihaka walijibiwa jana usiku, hapa hawajibiwi tena.

Ameacha mume, Kasmir, watoto, Celina na Leonsi, wajukuu wanne, na mdogo wake Damasi, muuza vitunguu sokoni, anayewasomea haya. Ameacha pia Bi Mauza binti Hashil, ambaye hamumwoni hapa, kwa kuwa kwao wanawake hawafuati jeneza hadi makaburini. Yuko barazani, mbele ya sufuria yake ile ile. Amesema tambi hatazitia mpaka atuone tunakunja kona tukirudi, zisije zikalegea.

Kwa hiyo tumzike vizuri, na tusikawie. Pumzika kwa amani, Euphrasia. Mafiga hayakurudi uani.